Pale Ufa Ulipoishia

Unga wa chaki ulikuwa umetanda juu ya bloku ya injini, mweupe, umejaa kila pembe, na sisi wawili tumeinama juu yake tukingoja chuma kituambie kinaumwa wapi.

"Bado?" mume wangu akauliza.

"Bado. Tulia."

Asubuhi ile alikuwa ameipaka mafuta ya taa, akaiacha inywe, akaifuta kwa tambara mpaka ikakauka, ndipo akaipulizia chaki iliyosagwa. Baada ya hapo hakuna kazi, ni kusubiri tu. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hurudi juu polepole na kuulowesha ule unga, na pale chuma kilipopasuka hujichora mstari wa kijivu. Mwenye haraka hauoni. Mwenye macho mabovu hauoni pia, na mume wangu, fundi aliyeletewa injini kutoka miji ya mbali, macho yake yalikuwa mabovu. Mtu akija kutoka mwisho wa barabara, yeye ndiye wa kwanza kumtambua. Lakini kitu kikiwa chini ya pua yake, kilikuwa ukungu mtupu. Miwani aliikataa katakata. Alisema miwani ni ya watu wanaosoma, yeye kazi yake ni kushika.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea nyufa zake.

"Huo hapo," nikasema.

"Unaanzia wapi?"

Nikakishika kidole chake cha shahada, nikakiweka mahali penyewe, ubavuni mwa bloku, upande yanapopita maji ya kupoozea. "Hapa."

"Unaishia wapi?"

Nina miaka sitini na mitatu sasa, na swali hilo bado nalisikia. Mwisho wa ule ufa nilikuwa nauona. Mstari ulipanda kutoka ubavuni kama urefu wa kiganja, ukafika penye ukingo mnene wa chuma ambapo mtu yeyote angedhani umekwisha, kisha ukaendelea. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini uliendelea, upana wa vidole viwili zaidi, ukielekea kwenye tundu la bolti.

"Hapa," nikasema, na kidole chake nikakiweka penye ukingo.

Akachukua panchi, kile chuma chenye ncha cha kuwekea alama, akakigonga nyundo mara moja. Alama ikakaa. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba mgonjwa wake atapona.

*

Siombi unionee huruma, lakini ili unielewe lazima nikwambie lile gari lilikuwa la nani.

Lilikuwa la Mwalimu. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu, akafariki miaka mitatu kabla mimi sijaingia nyumba ile, na katika mtaa wetu alikuwa amemfundisha kusoma kila mtu aliyejua kusoma. Muuza nyama alikuwa mwanafunzi wake. Mshona viatu pia, na yule mama wa posta aliyegonga mihuri kwa hasira, na yeye alikuwa mwanafunzi wake. Nikipita, walinisalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, habari za nyumbani mama, na kabla sijapiga hatua tatu tayari wananisimulia habari za Mwalimu. Hawakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo lililonimaliza, maana mtu asiye na nia mbaya utagombana naye vipi?

Na nyumba nayo ilikuwa yake. Mwalimu alikuwa mfupi, mimi Mungu amenipa kimo cha mlingoti. Kamba ya kuanikia nguo ilinigonga kooni. Kioo cha chumbani kilitundikwa kwa kimo chake, kwa hiyo kila asubuhi nilichana nywele nikiitazama shingo yangu mwenyewe. Nikitaka kuona uso, nakunja magoti kidogo kama mtu anayesalimia wakwe. Miaka mitano nilisalimia kile kioo.

Na gari. Ndogo, ya bluu iliyopauka, kiti cha dereva kimesogezwa mbele mpaka mwisho. Nikiendesha, magoti yanagota usukani, na nikikata kona lazima nipanue miguu kama chura. Chini ya kiti kulikuwa na kikono cha kukisogezea nyuma. Nilijiambia kimeshikwa na kutu. Sikuwahi kukijaribu hata siku moja. Niliona kabisa akilini mwangu jinsi mume wangu atakavyofungua mlango, akute kiti kimerudi nyuma, uso umshuke. Basi nikaendesha nimejikunja, na roho ikiniuma kila nilipobadilisha gia.

Huo ndio ulikuwa wivu wangu. Kumwonea wivu aliye hai ni afadhali, kwa sababu naye atazeeka, atakosea, siku moja atachoma mboga. Mwalimu hakukosea tena. Kila mwaka alizidi kuwa mzuri, na mimi kila mwaka nilizidi kuwa mrefu.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Kabla ya ndoa nilikuwa na duka la spea mkabala na gereji yake, watu wakiniita Mama Spea ingawa sina mtoto. Siku moja nilimpelekea gasket aliyoagiza, nikamkuta amejiinamia juu ya bloku iliyopakwa chaki, anatafuta kwa kidole, anapita, anarudi, anapita tena.

"Umeshaupita," nikamwambia.

"Nimepita nini?"

"Mwisho wa ufa. Uko huku nyuma." Nikamshika kidole, mtu mzima ambaye sikuwa nimewahi hata kumpa mkono, nikakirudisha. Akacheka mpaka nyundo ikamponyoka.

Toka siku ile akaniita Macho. Alivuka barabara na kusimama mlangoni pa duka langu mbele ya wateja: "Macho, una dakika?" Miezi saba baadaye tukaoana. Na nilijua, kwa sababu niliuliza kwa ujanja hapa na pale, kwamba Mwalimu alivaa miwani minene na bila hiyo hakuona hata mlango. Hakuwahi kumsomea ufa hata mmoja. Katika nyumba iliyojaa alama zake kila ukuta, kazi hiyo alikuwa hajaigusa.

Ila chaki. Chaki tuliyosaga ilitoka kwenye maboksi aliyoacha kabatini, maboksi sita ya chaki nyeupe za shule. Hata hapo alikuwepo kidogo.

*

Ufa wenyewe sikuuleta mimi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mtaani lilieleweka vingine.

Nilikuwa natoka kuchukua mzigo wa duka, gari limejaa maboksi ya filta, nikaona mshale wa joto umepanda juu kabisa. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Nikasimama pembeni, nikafungua boneti, mvuke ukatoka kama wa chungu kilichosahauliwa jikoni. Mtu wa spea anajua la kufanya: unakaa kitako, unasubiri injini ipoe. Nikaenda kutafuta kivuli. Nilipogeuka, msamaria mwema mmoja, Mungu amrehemu popote alipo, alikuwa amekuja na ndoo ya maji baridi na anaimwagia injini yote huku akitabasamu. Nilipiga ukelele. Chuma nacho kikapiga wake, mlio mfupi, tik, na nikajua.

Kufika jioni, habari ilishatutangulia mtaani: gari la Mwalimu limefia mikononi mwa yule mrefu. Muuza nyama alinifungia nyama yangu kwa upole uliozidi, kama mtu aliye kwenye matanga.

Siku ya pili akaja Mzee Mizani. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ndugu wa hiari wa mume wangu tangu ujana, mtu anayetembea na mizani begani kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Alikuwa na bloku ya gari la aina ileile, nzima, haina hata mkwaruzo. Nilimwambia ailete moja kwa moja dukani kwangu, akaishusha sakafuni, ikakaa pale imefunikwa gunia.

"Fundi," nikamwambia mume wangu, "bloku iko dukani. Weka, siku mbili gari liko barabarani."

"Hii inashoneka."

"Kwako kila kitu kinashoneka."

"Si kila kitu." Alikuwa anaongea huku kiganja chake kimetulia juu ya ile bloku mbovu. "Ufa ukiingia ndani ya silinda, sishoni. Ukifika kwenye tundu la bolti, sishoni, maana pale chuma kinakazwa kwa nguvu na mshono hauvumilii. Lakini ubavuni kunapita maji tu. Nikiukamata mwisho wake nikautoboa, hautembei tena. Itakaa kuliko hiyo mpya yako."

"Na kama hutaukamata?"

"Utatembea mpaka kwenye bolti. Hapo tutaizika." Akanigeukia, akacheka. "Ndiyo maana nikaoa macho."

Mzee Mizani naye akacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa najiuliza kwa nini injini za watu wengine alizihukumu kwa dakika kumi, na hii anaishika shavu.

Binti wa mume wangu alikuwa analisubiri gari pia. Mwalimu alimwachia mtoto mmoja, msichana, na baba yake alimwita Twiga kwa sababu ya kimo. Alikuwa amemaliza unesi na kupangiwa zahanati iliyo mbali, mwendo wa saa sita, milima na mashimo, gereji hakuna njia nzima. Tangu mama yake yu hai ilikuwa imekubaliwa kwamba akipata kazi gari ni lake. Mimi nilikuwa naliazima tu. Hilo nalo hakuna aliyelisema kwa ubaya.

*

Sasa unajua nilichokiona siku ya chaki, na unajua nilichokisema.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwamba kidole kilisimama chenyewe. Hapana. Nilifikiri kila kitu kwa urefu wa pumzi moja. Nikimwonyesha mwisho wa kweli, atatoboa pale, atashona, na chuma cha Mwalimu kitadumu kuliko sisi sote. Nikimwambia uongo wa upande mwingine, kwamba ufa umeshafika kwenye bolti, hataniamini peke yangu. Kila mara kabla ya kuihukumu bloku alimwita fundi wa gereji ya pili naye aje atazame. Lakini kwa habari ya kupona hakumwita mtu. Aliichukua kutoka mdomoni mwangu, akagonga panchi.

Injini ikiwaka ikapata moto, ufa utatembea. Utafika kwenye bolti. Ataihukumu yeye mwenyewe, kwa sheria yake mwenyewe, na mkono wangu hautaonekana. Nitavuta gunia, bloku yangu itaingia, na gari litakuwa gari tu.

Akaanza kushona. Hauchomelewi, ufa wa chuma cha kusubu, ukiuchomelea ovyo unapasuka pembeni. Unatoboa tundu dogo, unalikata hesi, ile mikato ya kushika parafujo, unakaza ndani yake kipande cha parafujo laini, unakikata juu, unakigonga nyundo taratibu kijaze nafasi. Kisha tundu la pili, likiuma nusu ya lile la kwanza, ili parafujo zishikane. Na la tatu. Ufa wa kiganja kimoja ulimla siku tisa, na alikuwa anafanya yote kwa vidole, haoni, anapapasa, anageuza kichwa pembeni kama anayesikiliza.

Nilimletea chai. Aliipokea bila kuinua kichwa. Alikuwa anapiga mluzi, wimbo sikuufahamu, na nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba ulikuwa wa zamani, wa kabla yangu. Kila akimaliza parafujo moja alipitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, kwenda na kurudi. Nilisimama na sinia mkononi nikikitazama kile kidole gumba. Mimi ni mwanamke mwenye akili zangu, nauza spea, najua bei na uzito wa kila kitu kwenye injini, na nilikuwa naionea kijicho bloku.

Mshona viatu akapita, akachungulia. "Mwalimu angefurahi sana," akasema.

"Angefurahi," mume wangu akajibu.

Nikarudi dukani, nikaipiga teke ile bloku ya chini ya gunia. Kidole cha mguu kiliniuma wiki nzima.

Siku ya kuiwasha, nilitoka nje kushuhudia. Nilijua itakavyokuwa: dakika kumi, kumi na tano, halafu tone la kwanza, halafu uso wake. Uso wake nilikuwa nimeshajiandaa kuubeba. Ningemshika bega, ningesema pole, ningesema umejitahidi. Injini ikanguruma. Robo saa. Nusu saa. Akaiacha ikaunguruma saa nzima uwanjani, mshale wa joto umetulia katikati, na chini ya gari pakavu. Akainama akapapasa ubavu wote. Akanionyesha kiganja chake, kikavu.

"Umeona, Macho?"

Niliona. Na ukiniuliza niliona haya au nilisikitika kwamba haikupasuka, nitakujibu kweli: vyote viwili, lakini masikitiko yalikuwa mengi zaidi.

*

Twiga alikuja Jumamosi asubuhi na mabegi mawili na godoro lililokunjwa. Mume wangu alikuwa ameliosha gari mpaka ndani ya vishikio vya milango. Majirani walisimama. Mama wa posta alileta chupa ya maji ya njiani.

Usiku sikuwa nimelifikiria jambo hili, la Twiga kusafiri na ule ufa, na wala mchana. Nililikwepa. Katika hesabu yangu ufa ungetembea pale pale uwanjani, mbele yetu, bila kumdhuru mtu, na ukawa haukutembea. Sasa ulikuwa unasubiri mlima.

Twiga akafungua mlango wa dereva, akajipenyeza ndani, magoti yakagota usukani. Alikuwa mrefu kunizidi mimi. Nilimtazama nikiwa nimebana pumzi. Akaingiza mkono chini ya kiti bila hata kutazama, akavuta.

Klik. Kiti kikateleza nyuma mpaka mwisho, kwa ulaini, kama kilichopakwa mafuta jana.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anakaza kamba ya godoro juu ya gari. Aliona. Uso haukumshuka. Hakukuwa na chochote usoni mwake isipokuwa kamba na godoro.

"Mama mdogo!" Twiga akacheka, kichwa nje ya dirisha. "Miaka yote hii unaendesha umejikunja hivi? Si ungesogeza tu?"

"Si ungesogeza tu," baba yake akarudia, akicheka naye. "Mimi nilidhani anapenda hivyo."

Watu wote wakacheka. Na kweli ilikuwa inachekesha. Miaka mitano nimelinda kaburi, na siku hiyo nikagundua hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuweka hata jiwe pale. Nilikuwa peke yangu na ufagio, nafagia.

Twiga akawasha injini. Akafunga mkanda. Akanipungia mkono, yule mtoto, na mbele yake milima na saa sita.

Nilisogea nikasimama mbele ya boneti.

"Zima gari," nikasema.

"Mama mdogo?"

"Zima." Nikamtazama mume wangu, kwa sababu jambo lile lilikuwa la kwake kwanza. "Fundi, ufa haukuishia pale."

"Pale wapi?"

"Pale niliposema."

Majirani walielewa kwamba kuna jambo, hawakuelewa ni lipi. Yeye alielewa lote. Nilimwona akilielewa, kidogo kidogo, kama anavyopapasa chuma. Hakuniuliza kwa nini. Alifungua boneti, injini bado ya baridi, akakwangua rangi mpya penye ukingo, akachukua tambara la mafuta ya taa, akapaka, akafuta, akapulizia chaki. Tulisubiri. Niliinama pembeni yake kama siku zote, mahali pangu pa siku zote.

"Twiga," akaita. "Njoo unitazamie."

Nikasogea. Yule msichana akashuka, akainama pale nilipokuwa nimeinama mimi, hajui hata anatakiwa kutafuta nini.

"Kuna mstari wa kijivu, baba. Mwembamba."

"Unaishia wapi?"

Akakishika kidole cha baba yake, akakipeleka juu ya ukingo, vidole viwili, kisha vingine viwili. "Hapa. Kwenye bolti."

Ulikuwa umetembea. Ile saa moja ya uwanjani ilitosha, ulitembea kimyakimya chini ya rangi, na ulikuwa umebakiza mlima tu uanze kuvuja.

Mume wangu akakaa juu ya sanduku lake la vifaa. Mama wa posta akawaongoza majirani kuondoka, akiwasukuma mgongoni kama watoto wa darasa la kwanza. Twiga akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango taratibu.

"Nilidhani unamshona yeye," nikasema.

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata siku ile.

"Nilikuwa nashona bloku," akasema.

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha, wala hakunikaripia. Akasema, "Ungetaka kujua habari za mama yake huyu, ungeniuliza. Ningekujibu."

"Nikuulize sasa?"

Akatikisa kichwa. Akaenda dukani kwangu, akavuta gunia, akaikumbatia ile bloku, akavuka nayo barabara peke yake.

*

Siku mbili, kama nilivyokuwa nimesema. Gari likawaka, Twiga akaondoka, akafika salama, akalitumia kwa miaka tisa. Aliponiaga alinikumbatia kwa mkono mmoja. Mwaka uliofuata ilikuwa mikono miwili, kwa sababu yule mtoto ana moyo ambao sisi wengine hatukupewa.

Bloku ya zamani ilichukuliwa na Mzee Mizani. Nilijua mume wangu ataiweka mahali, pembeni mwa gereji, labda juu ya meza. Alimsaidia kuipandisha kwenye mkokoteni, akajifuta mikono, akarudi kazini. Mimi ndiye niliyeifuata mpaka barabarani. Mshono ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kushona, parafujo zimeshikana, laini chini ya kidole, na ulisimama sawasawa penye alama yangu.

Wiki ile ile akanunua miwani.

Ilikuwa ya duara, akaifunga uzi nyuma ya kichwa isimwangukie, na mara ya kwanza kuivaa aliitazama mikono yake muda mrefu, mbele na nyuma. Toka hapo akasoma nyufa zake mwenyewe. Na jina langu pia lilibadilika. Aliniita "mke wangu", kwa adabu, mbele ya watu na tukiwa wawili. Hajawahi kunitupia siku ile usoni, hata tulipogombana kwa mambo mengine, na tuligombana kama watu wote. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta kioo cha chumbani kimepandishwa, misumari mipya, na kamba ya nguo nayo. Nilisimama wima mbele ya kile kioo nikauona uso wangu wote, na sikuupenda sana.

Tumeishi vizuri. Nasema hivyo na ni kweli. Ile nyumba ikawa yangu yote, kila ukuta.

Juzi nilimpelekea chai gereji. Siku hizi hafanyi kazi nyingi, moja moja tu, za wateja wa zamani. Maboksi ya Mwalimu yaliisha kitambo, chaki tunanunua. Alikuwa ameinama juu ya bloku, miwani imemteremka mpaka ncha ya pua, kidole kinapita, kinarudi, kinapita tena. Macho yangu nayo yamegeuka, yanaona mbali tu, kitabu nakishika kwa mkono ulionyooka. Lakini kutoka mlangoni mstari wote ulikuwa wazi, mwanzo mpaka mwisho, na kidole chake kilikuwa kimeshaupita.

Akasikia hatua zangu. Kidole kikasimama. Nami nikasimama, vikombe viwili mkononi, nikingoja aulize.